Kutumia Upya Maudhui ya Masoko Bila Kuyanakili

Mwenyekiti, waandaaji wa mhadhara huu, na ninyi nyote mlioacha kazi zenu ili kuja kunisikiliza, nawashukuru. Nimeombwa nizungumzie namna ambavyo maudhui ya masoko yaliyokwisha kutengenezwa yanaweza kutumiwa upya katika majukwaa mbalimbali ya mtandaoni. Nitautaja msimamo wangu mapema, ili anayeupinga apate muda wa kuandaa hoja zake: kinachopaswa kuhama kutoka jukwaa moja kwenda jingine ni hoja pamoja na ushahidi wake, wala si faili. Idara nyingi za masoko hufanya kinyume. Hupakia video ileile, yenye maelezo yaleyale na alama za reli zilezile, kila mahali kwa mpigo mmoja, kisha mwisho wa mwezi hulalamika kwamba algoridhimu, yaani mfumo wa jukwaa unaoamua nani aone nini, imewaonea.

Wazo la kutengeneza mara moja na kuchapisha kila mahali si geni. Mwaka 2009 Daniel Jacobson, aliyekuwa akifanya kazi katika NPR, shirika la redio ya umma la Marekani, alieleza kwa maandishi jinsi shirika hilo lilivyokuwa likiendesha mfumo wa aina hiyo, na kaulimbiu yake ikaenea haraka. Undani wa mfumo wenyewe haukuenea sana. NPR haikuwa ikichukua ukurasa uliokamilika na kuusambaza. Kila habari ilihifadhiwa ikiwa imegawanywa katika sehemu zake, yaani kichwa, muhtasari, matini, picha na sauti, bila kufungwa kwenye mwonekano wa mahali popote, ili tovuti, programu za simu na vituo wanachama vichukue kila kimoja kinachokifaa. Kazi ngumu ilikuwa katika kule kuvunja, nayo ndiyo kazi ambayo wengi wetu tunairuka tukikimbilia kitufe cha kuchapisha.

Tuchukue mfano mmoja na tukae nao kwa muda. Kampuni inayouza mifumo ya umeme wa jua imerekodi mahojiano ya dakika 40 na fundi wake mkuu kuhusu sababu za betri kufa mapema. Katika dakika ya 12 fundi huyo anaeleza kwamba betri ya risasi na asidi ikizoeshwa kutumiwa hadi chini ya nusu ya chaji yake, na kuachwa katika hali hiyo, mabamba yake ya risasi hushikwa na fuwele ngumu za salfeti ambazo chaja haiwezi tena kuziondoa, hivyo uwezo wa betri hupungua hata kama umri wake bado ni mdogo. Hii ni hoja nzuri ya masoko, kwa sababu inamhusu mteja aliyekwisha kununua, inamhusu anayefikiria kununua, na inathibitishika.

Mhariri mwenye haraka atakikata kipande cha sekunde 50 kutoka dakika hiyo ya 12 na kukipeleka TikTok. Kipande kitaanza na maneno “kwa hiyo, kama nilivyosema pale mwanzo,” ambayo mtazamaji hana habari nayo, kwa kuwa hakuwapo pale mwanzo. Atapitisha kidole na kuendelea na safari yake. Hoja ilikuwa nzuri, ila ilivuliwa utangulizi wake na haikupewa mwingine. Fundi yuleyule akiombwa arekodi sentensi moja tu mpya ya kufungulia, kwa mfano “Betri yako haijazeeka, umeizoesha kumaliza chaji,” kipande kinasimama kwa miguu yake. Ni dakika chache za kazi, na ajabu ni kwamba hizo ndizo dakika ambazo bajeti nyingi hazizitengi.

Hoja hiyohiyo ikienda LinkedIn inakutana na watu wa aina nyingine, wakiwamo maofisa ununuzi na mameneja wa majengo, ambao hawaulizi betri inakufaje bali inawagharimu kiasi gani. Hapo video si lazima. Aya nne zinazolinganisha gharama ya kununua betri zenye uwezo mkubwa zaidi tangu awali na gharama ya kubadilisha betri ndogo mara kwa mara zitatosha, na chapisho la LinkedIn, linaloruhusu hadi herufi 3,000, lina nafasi ya kutosha kwa hesabu hiyo. Kwenye kijarida cha barua pepe tunazungumza na wateja ambao betri wanazo tayari. Hao wanataka kujua wafanye nini leo. Waambiwe kwamba betri ya volti 12 ya aina hiyo, ikiwa imepumzishwa saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumiwa, na mita ikasoma takriban volti 12.1, imebakiza karibu nusu ya chaji. Kwenye tovuti hoja inageuka makala kamili yenye jedwali, kwa sababu anayefika huko ametumwa na swali alilolichapa mwenyewe katika injini ya utafutaji na yuko tayari kusoma. Mahojiano yote ya dakika 40 yabaki YouTube, yakiwa yamegawanywa katika sura zenye majina, ili anayetafuta jambo moja asilazimike kuyapitia yote. Mfumo wa sura wa YouTube unadai alama ya kwanza iwe 0:00, sura zisipungue tatu, na kila moja iwe na angalau sekunde 10.

Katika kazi hizo zote fundi alihojiwa mara moja, na utafiti ulifanywa mara moja. Huo ndio uwekaji akiba wenyewe. Anayetarajia pia kuokoa kazi ya uandishi na uhariri atapata machapisho mengi yasiyosomwa na mtu, na sioni faida ya wingi wa namna hiyo.

Sasa niingie katika mambo ya ufundi, kwa sababu hoja nzuri hufa pia kwa vipimo vibovu. Video ya kawaida ya YouTube hupigwa kwa mlalo, uwiano wa 16:9, ilhali Reels za Instagram, Shorts za YouTube na video za TikTok huonyeshwa kwa wima, uwiano wa 9:16, kwa kawaida pikseli 1080 kwa 1920. Ukiikata fremu ya mlalo ili iwe wima unabaki na chini ya theluthi moja ya picha, na mara nyingi theluthi hiyo ina bega la mhojiwa na nusu ya chungu cha maua. Zaidi ya hayo, vitufe vya programu hukaa upande wa kulia, na jina la akaunti pamoja na maelezo hukaa chini, kwa hiyo manukuu, yaani maandishi ya maneno yanayosemwa, yaliyochomekwa chini kabisa ya video yatafunikwa. Dawa yake haipatikani kwenye uhariri bali siku ya kurekodi: mhojiwa awekwe katikati ya fremu, pande zote ziachiwe nafasi, na ikiwezekana kamera ya pili isimamishwe wima. Watu wa masoko hupenda kusema kwamba watafikiria majukwaa mengine baadaye. Hiyo “baadaye” ndiyo inayozaa mabega.

Vipimo hivi si vya kudumu. Instagram ilikubali picha za mraba tu hadi mwaka 2015. Twitter, ambayo sasa ni X, ilipandisha kikomo chake kutoka herufi 140 hadi 280 Novemba 2017. Na Shorts zilipoanza hazikuzidi sekunde 60, lakini tangu Oktoba 2024 zinaweza kufika dakika tatu. Anayehifadhi toleo lililokwisha kukatwa kwa kipimo cha mwaka fulani anahifadhi kitu kitakachopitwa na wakati. Linalofaa kuhifadhiwa ni toleo mama: video isiyo na muziki, isiyo na manukuu yaliyochomwa ndani ya picha, isiyo na nembo ya jukwaa lolote, ikiambatana na faili ya manukuu na nakala ya maandishi ya maneno yote yaliyosemwa. Nakala hiyo ya maandishi, kwa maoni yangu, ni mali kubwa kuliko video yenyewe, kwani ndiyo inayotafutika, inayonukulika na inayoweza kumfikia mtu asiyesikia.

Suala la nembo lina historia yake. Februari 2021 Instagram ilitangaza kwamba video za Reels zinazoonekana wazi kuwa zimerejeshwa kutoka programu nyingine, hasa zenye nembo inayoelea juu ya picha, hazitapewa nafasi kubwa ya kupendekezwa kwa watazamaji. Mwaka 2024 ikaenda mbele zaidi kwa kutangaza kwamba, katika mapendekezo yake, nakala zinazofanana kabisa zitabadilishwa na kazi ya mtengenezaji wa kwanza. Kwa hiyo yule anayepakua video yake kutoka TikTok na kuipandisha Instagram ikiwa na nembo ya TikTok anajipunguzia mwenyewe watazamaji, hata kama video ni yake halali.

Muziki ni mtego mwingine, na hapa naomba wasimamizi wa akaunti za kampuni wanisikilize kwa makini. Ruhusa ya kutumia wimbo ndani ya maktaba ya jukwaa moja haikupi ruhusa ya kuutumia wimbo huohuo kwenye jukwaa jingine, na akaunti za biashara kwa kawaida hufunguliwa maktaba finyu kuliko akaunti za watu binafsi. Hata ndani ya jukwaa lenyewe ruhusa inaweza kuondoka: mwishoni mwa Januari 2024, baada ya mkataba kati ya kampuni ya muziki ya Universal Music Group na TikTok kwisha bila kuhuishwa, nyimbo za kampuni hiyo zilianza kuondolewa, na video nyingi zilizokuwa zikizitumia zikabaki bubu hadi makubaliano mapya yalipofikiwa Mei mwaka huo. Kampeni iliyojengwa juu ya maneno ya mhojiwa ingeendelea kusikika.

Wapo wanaoogopa kwamba makala ileile ikionekana mahali pawili Google itaiadhibu tovuti yao. Hofu hiyo imezidishwa. Google imeeleza kwa miaka mingi kwamba kurudiwa kwa maudhui, pasipo nia ya kudanganya, si kosa la kuadhibiwa. Inachofanya ni kuchagua toleo moja la kulionyesha na kuyaacha mengine. Shida ni kwamba toleo litakalochaguliwa huenda lisiwe lako. Kwa kurasa za tovuti yako mwenyewe ipo lebo ya kuwekwa ndani ya msimbo wa ukurasa, ya kuutaja ukurasa mkuu kati ya zinazofanana, ambayo Google, Yahoo na Microsoft ziliitangaza kwa pamoja Februari 2009. Lakini mshirika anapochapisha makala yako kwenye tovuti yake, Google sasa inashauri aizuie nakala yake isiorodheshwe kabisa katika injini ya utafutaji. Jambo hilo liandikwe katika makubaliano kabla makala haijatumwa, kwa sababu ukiomba baadaye utakuwa unaomba hisani.

Kuhusu upimaji nitasema machache. Msijumlishe idadi ya watazamaji wa majukwaa tofauti, kwani hakuna kipimo kimoja cha kutazama: tangu 31 Machi 2025, kwa mfano, Shorts huhesabu tazamo pale tu video inapoanza kucheza au kurudiwa, bila sharti la muda. Kinachoweza kulinganishwa ni watu waliofika kwenye tovuti na walichokifanya huko, na kwa hilo kila kiungo kiwekewe vitambulisho vya UTM, yaani maneno mafupi yanayoongezwa kwenye anwani ya kiungo, vinavyotaja chanzo, njia na kampeni, kwa majina ambayo timu nzima imekubaliana. Mmoja akiandika jina la jukwaa kwa herufi kubwa na mwenzake kwa herufi ndogo, ripoti itawaonyesha vyanzo viwili.

Swali ambalo huulizwa mara chache ni lipi kati ya maudhui ya zamani linastahili kurudishwa kabisa. Wengi huangalia lililopendwa zaidi. Mimi ningewasikiliza kwanza watu wa huduma kwa wateja, kwa sababu swali ambalo bado linaulizwa kwa simu kila wiki lina hadhira hata kama makala yake ilisomwa na wachache, na yamkini ilisomwa na wachache kwa sababu iliwekwa mahali ambapo waulizaji hawafiki. Matangazo ya ofa, mashindano na sikukuu yaachwe yapumzike. Ushuhuda wa mteja nao usihamishwe kimyakimya: aliyekubali maneno yake yawekwe kwenye tovuti hajakubali uso wake utumike katika tangazo la kulipia, na mpiga picha aliyeuza haki ya matumizi fulani hajauza matumizi yote. Waulizwe upya, kwa maandishi.

Mwisho, kila kipande kinachozaliwa kutoka toleo mama kiingizwe katika daftari moja, hata likiwa jedwali la kawaida la kompyuta, likionyesha kipo wapi, kilichapishwa lini, kinatumia muziki na picha za nani, na kinabeba dai gani. Safu ya dai ndiyo inayosahaulika. Kampuni ya mfano wetu ikianza kuuza betri za lithiamu, ambazo huvumilia kutumiwa kwa kina zaidi kuliko zile za risasi, ule ushauri wa kutoshuka chini ya nusu utawapotosha wateja wapya. Kurekebisha makala ya tovuti ni kazi ya dakika tano. Lakini kipande cha TikTok, chapisho la LinkedIn na nakala iliyo kwa mshirika vitaendelea kusema vilevile hadi atokee mtu anayejua vilipo, na mtu huyo atangulie kuvitafuta kabla mteja hajaviona.