Nyumba ya Mungu: Bwawa la Megawati 8 Linaloubeba Mto Pangani

NEEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Tupo Moshi, na leo tunashuka bondeni, Nyumba ya Mungu. Kaka Elia, hapa mjini ukilitaja jina hilo mtu anawaza perege tu.

ELIA: Perege aliyekaangwa mkavu, mkia umejikunja, kapangwa kwenye ungo pale sokoni Mbuyuni! Lakini bwawa lile, dada, lilijengwa kwa ajili ya maji na umeme. Ujenzi ulikamilika katikati ya miaka ya 1960, na mwaka 1968 mitambo ikaanza kuzalisha. Mitambo miwili, megawati 4 kila mmoja.

NEEMA: Nane tu?

ELIA: Nane tu, ndiyo maana watu wanalidharau. Sasa tazama kule chini. Hale, kituo kingine cha umeme, ilishaanza mwaka 1964, megawati 21. Miaka ya 1990 ikaja Pangani Mpya, megawati 68. Zote zinakunywa Mto Pangani uleule. Bila bwawa hili, maji mengi ya masika yangepita kwenda baharini, na kiangazi mitambo ingepungukiwa. Nyumba ya Mungu ni ghala: linapokea mvua, halafu maji yanafunguliwa kwa kipimo mwaka mzima. Kazi yake kubwa ni hiyo, kuliko hizo megawati zake.

NEEMA: Na maji yanatoka huku kwetu.

ELIA: Huku huku. Mto Kikuletwa unakusanya maji ya Meru na ya Kilimanjaro: Themi inayopita Arusha mjini, Kikafu, Weruweru. Upande wa pili kuna Ruvu, inayotoka Ziwa Jipe. Siyo ile Ruvu ya Pwani.

NEEMA: Turudi kwa samaki, maana mimi hapo ndipo ninapoumia. Bwawa likiwa jipya, nyasi na miti iliyozama inaoza, maji yanapata rutuba, samaki wanazaana kupita kiasi. Mwaka 1970 zilivuliwa tani zaidi ya 25,000! Watu wakahamia kutoka kila upande, kambi za wavuvi zikawa vijiji. Halafu rutuba ile ikaisha, watu wamebaki. Ndipo yanapokuja makokoro na nyavu za macho madogo, yanayozoa hata vifaranga. Serikali imewahi kusimamisha uvuvi ili samaki wazaliane, na mimi naunga mkono, ila familia inayoishi kwa ndoano iandaliwe mapema.

ELIA: Na wa chini ya bwawa tusiwasahau. Kinamasi cha Kirua kilikuwa kinalishwa na mafuriko. Mto ulipodhibitiwa, kinamasi kikapungua, na samaki na malisho yake yakapungua.

NEEMA: Juu nako kuna mpunga. Mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini, Mabogini na Chekereni, ulikamilika mwaka 1987, na wakulima wengine wakafuata nje ya mradi.

ELIA: Ikawa kila ndoo inayoingia shambani haifiki bwawani. Mwaka 1991 ikaundwa ofisi ya maji ya Bonde la Pangani, hapa hapa Moshi, kugawa maji kwa vibali.

NEEMA: Mkulima akaambiwa anakula umeme wa taifa. Hapo sikubali, kaka. Mifongo, ile mifereji ya asili, ilikuwepo milimani kabla ya mtambo wowote.

ELIA: Ilikuwepo, ila mfereji wa udongo unapoteza maji mengi njiani kabla hayajafika kwenye jaruba.

NEEMA: Basi fedha ya kuusakafia itoke pia kwa wanaouza umeme. Wao ndio watakaopokea maji yatakayookolewa.