Kile Kiti cha Mzee

NEEMA: Kamwene!

GERVAS: Kamwene, kamwene. Tuko Iringa mjini, mvua inapiga bati, mtatuvumilia. Dada Neema ametoka Mafinga jana usiku. Kile kiti cha baba yako kimefika?

NEEMA: Kimefika salama juu ya lori la mbao.

GERVAS: Wasikilizaji mnakijua hicho kiti. Cha mninga, cha kujilaza. Tumekisikia tangu fundi hajanunua ubao.

NEEMA: Miezi minne nimekilipia kaka, kidogo kidogo. Nikasema mzee ana miaka 67, amefundisha shule ya msingi tangu ujana wake, sasa aketi barazani atazame barabara. Nafika Jumamosi, nyumbani hayupo. Namkuta shambani, tope mpaka magotini, anapanda misindano. Ekari mbili mpya!

GERVAS: Misindano? Si miaka 15 na zaidi ndipo upate mbao?

NEEMA: Nimemwuliza hivyohivyo. Akasema ile aliyopanda akiwa bado anafundisha ndiyo imemsomesha mdogo wetu wa mwisho, nishike jembe. Basi Jumapili naamka, barazani hakuna kiti.

GERVAS: Kauza!

NEEMA: Hajauza. Kiko nyuma ya nyumba, kimejaa viriba vya miche. Eti kuku hawafiki pale juu.

GERVAS: Na mito yake?

NEEMA: Mito kampa mama.

GERVAS: Subiri kwanza. Viriba kavipanga sehemu ya kukalia tu, au mpaka ile ya kunyooshea miguu?

NEEMA: Mpaka ya miguu. Imeingia miche arobaini na mbili, nimehesabu.

GERVAS: Mninga na maji ya kumwagilia! Fundi akisikia atalia.

NEEMA: Mninga haudhuriki haraka na maji. Mimi ndiye niliyelia, kidogo. Halafu nikamwona anavyoikagua asubuhi, mmoja mmoja, na kikombe chake cha chai. Sijamwona na uso ule tangu alipoagwa shuleni. Sera ya Wazee ya 2003 inasema ukifika 60 wewe ni mzee, na mwalimu akifika 60 lazima aondoke kazini. Profesa na daktari bingwa wanaachwa hadi 65. Baba akili yake iliisha lini? Alikaa mwaka mzima bila kazi akawa anaugua ugua, leo anapanda kilima kunishinda. Mimi nilikuwa namnunulia uzee.

GERVAS: Hapo sasa hatuendi pamoja.

NEEMA: Sema.

GERVAS: Baba yako ana ardhi, na alistaafu wakati mkupuo, zile fedha za mara moja, bado ni nusu ya mafao. Mama yangu muuguzi amestaafu 2023, chini ya kanuni ya Julai 2022, asilimia 33. Saa kumi alfajiri yuko jikoni anachoma maandazi, saa moja anapeleka wajukuu watatu shule. Watu wanapita wanasema, mama bado ana nguvu! Ana magoti yanayouma, Neema. Kile kiti angekaa.

NEEMA: Umemwuliza kama anataka kuacha maandazi?

GERVAS: Atasema hataki. Mama gani atamwambia mwanawe amechoka?

NEEMA: Basi unamsemea. Ndicho nilichofanya mimi kwa baba.

GERVAS: Hapana, siyo sawa. Baba yako akilala kesho, miti inaendelea kukua. Mama akilala, maandazi hakuna. Tukiwasifia wote kwa neno moja tunajipunguzia deni sisi watoto.

NEEMA: Na tukiwahurumia wote tunawazika wakiwa hai.

GERVAS: Hilo ni neno zito.

NEEMA: Nimelikusudia. Kuna wazee kule wanakodisha vijana kupogoa miti na kulima njia za kuzuia moto. Bila wao kijana wa miaka 20 angekuwa stendi Mafinga hana la kufanya.

GERVAS: Sikatai. Nasema mzee afanye kazi akiwa na njia ya kutoka. Mama hana.

NEEMA: Bado sikubali kwamba hana furaha nayo.

GERVAS: Nami sikubali kwamba furaha inatosha.

*(kimya, mvua)*

NEEMA: Tulikuwa na mambo matano ya kujiandaa kustaafu. Nimeyaandika hapa, la kwanza ni kuanza ukiwa na miaka 40...

GERVAS: Dakika zimekwisha, dada. Na simu yangu inaita, ni mama. Mjukuu mmoja kati ya wale watatu ni wangu, nilisema nitamchukua saa kumi na moja.

NEEMA: Sasa hivi ni na nusu!

GERVAS: Najua. Kile kiti, ule mguu uliokuwa unacheza, fundi aliurekebisha?

NEEMA: Baba kauwekea jiwe. Nenda, kaka. Msalimie mama.