Vumbi la Mirihi na Safari ya Joto

ZUHURA: Karibuni katika kipindi chetu kinachowajia kutoka Dar es Salaam. Mimi ni Zuhura, na niko pamoja na kaka Elia. Kaka, vumbi linapotanda katika anga la sayari ya Mirihi, je, huipasha sayari hiyo joto au huipoza?

ELIA: Ahsante, dada Zuhura. Hufanya yote mawili, kila moja mahali pake. Vumbi halizalishi joto. Linabadilisha tu mahali ambapo nishati ya jua inapokelewa. Hewa ya Mirihi, ambayo takribani asilimia 95 yake ni hewa ya ukaa, hupitisha mwanga wa jua kwa urahisi, hivyo katika siku isiyo na vumbi sehemu kubwa ya nishati hiyo huishia ardhini. Vumbi likitanda, chembe zake, ambazo nusu kipenyo chake ni kama mikromita moja na nusu (mikromita ni sehemu moja ya milioni ya mita), hufyonza sehemu ya mwanga huo zikiwa juu na kuipasha joto hewa inayozizunguka, huku ardhi ikibaki kivulini.

ZUHURA: Sisi nasi tunalo vumbi la kutosha wakati wa kiangazi, hasa kando ya barabara zinazojengwa, na sijaona likibadilisha joto la jiji kiasi hicho.

ELIA: Tofauti kubwa iko katika wingi wa hewa. Hapa usawa wa bahari kanieneo ya hewa ni kama milibari 1,013, ilhali kule Mirihi ni kama milibari 6 tu. Hewa ikiwa haba namna hiyo, nishati kidogo inayofyonzwa na vumbi inatosha kuipandisha joto kwa nyuzi nyingi.

ZUHURA: Jambo hili liligunduliwaje?

ELIA: Chombo cha Mariner 9 kiliwasili Mirihi Novemba 1971 na kukuta dhoruba ya vumbi imeifunika karibu sayari nzima. Kamera hazikuona chochote cha maana isipokuwa vilele vichache vya milima, na waliosubiri picha bila shaka walisikitika. Hata hivyo, kipimo cha mionzi ya joto kilionyesha kwamba hewa ilikuwa na joto kuliko ilivyotarajiwa, na kwamba kadiri vumbi lilivyotua katika miezi iliyofuata, hewa ilipoa na ardhi ikapata joto. Kwa maoni yangu, dhoruba ile ilikuwa na faida kuliko anga safi.

ZUHURA: Na usiku, wakati hakuna jua la kufyonzwa?

ELIA: Usiku mambo hugeuka. Kwa kawaida ardhi ya Mirihi hupoteza joto haraka mno kwa sababu hakuna mvuke mwingi wala mawingu mazito ya kulizuia kama ilivyo hapa Pwani, ambako hata saa nane za usiku mtu bado anatoka jasho. Vumbi hutoa mionzi ya joto kuelekea chini, hivyo ardhi haipoi sana. Katika dhoruba ya mwaka 2018, gari la utafiti la Curiosity, lililoko huko Mirihi, lilipima mchana uliopoa na usiku uliopata joto kuliko kawaida. Gari jingine la utafiti huko, Opportunity, lililotegemea umeme wa jua, lilituma mawasiliano yake ya mwisho tarehe 10 Juni mwaka huohuo.

ZUHURA: Je, joto hilo la juu linaiathiri dhoruba yenyewe?

ELIA: Ndiyo, kwa kuwa hewa iliyopashwa joto hupanda, pepo huongezeka, na pepo hizo huinua vumbi jingine. Tena athari haziishii pale vumbi lilipo. Novemba 1997, chombo cha Mars Global Surveyor kilikuwa kikitumia msuguano wa hewa ya juu kurekebisha mzunguko wake, dhoruba ilipozuka upande wa kusini. Hewa ya chini ilitanuka na kuyainua matabaka ya juu, na msongamano wa hewa katika kimo cha zaidi ya kilomita 120, tena upande wa kaskazini, ukaongezeka zaidi ya maradufu.

ZUHURA: Kwa hiyo chombo kinaweza kukumbana na hewa nzito mahali ambapo hakuna vumbi lolote.

ELIA: Naam, na ndiyo sababu wanaoandaa chombo kutua Mirihi hufuatilia vumbi la sayari nzima, badala ya lile la mahali pa kutua peke yake.