Kuiwasha Upya Si Kuitengeneza: Mhadhara Kuhusu Seva Inayoanguka Mara kwa Mara

Mheshimiwa mwenyekiti, ndugu wasimamizi wa mifumo, na wanafunzi wetu mliojumuika nasi,

Mada niliyopewa ni seva ambayo mfumo wake endeshi huanguka, ukawashwa, ukafanya kazi siku kadhaa, kisha ukaanguka tena. Nazungumzia seva iliyo kazini, ambayo wakati huu huu kuna watu wanaitegemea kulipa ada, kusajili wagonjwa au kutoa mizigo bandarini. Na kwa sababu hiyo, kila inapoanguka, shinikizo la kuiwasha haraka huwa kubwa kuliko hamu ya kujua kilichoiangusha. Shinikizo hilo ni halali. Hata hivyo, nashikilia kwamba anayeiwasha bila kuhakikisha kuwa anguko lijalo litaacha ushahidi hajatengeneza kitu.

Kwanza, je, ni mfumo endeshi ulioanguka kweli? Kwenye Linux, RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya mashine, ikiisha, kiini cha mfumo (kernel) huchagua programu moja na kuiua ili mashine iendelee kuishi, na inayouawa mara nyingi ni hifadhidata, kwa kuwa ndiyo iliyoshika kumbukumbu nyingi. Watumiaji watasema seva imeanguka, ilhali amri ya uptime itaonyesha kwamba mashine haijazima tangu mwezi uliopita. Hilo ni tatizo jingine, nami naliacha hapo.

Kama mashine kweli iliganda au ilijiwasha yenyewe, mtu hukimbilia mafaili ya logi, ambamo mfumo huandika matukio yake, na hapo ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu mstari wa mwisho ni wa kawaida kabisa na unaoufuata ni wa mashine ikiwaka. Kiini kinapoanguka hakiwezi tena kuitegemea njia yake ya kuandika kwenye diski, hivyo maneno yake ya mwisho huishia kwenye skrini ambayo hakuna anayeitazama. Tena, katika mifumo mingi inayotumia systemd, programu inayosimamia huduma za Linux, kama saraka ya /var/log/journal haipo, logi za journald, sehemu yake ya kutunza logi, huwekwa chini ya /run, yaani ndani ya RAM, na hupotea zote mashine inapozima. Kuunda saraka hiyo ni kazi ndogo mno, na inanisikitisha kila ninapokuta seva muhimu isiyokuwa nayo.

Chombo chenyewe hasa ni kdump. Mashine inapowaka hutengwa sehemu ya RAM kwa kigezo cha crashkernel, na ndani yake hupakiwa kiini cha pili kinachokaa kikisubiri. Kiini kikuu kikianguka, hicho cha pili hushika kazi papo hapo, huikuta RAM ya mwenzake ikiwa bado na yaliyomo, na kuinakili kwenye faili, kwa kawaida chini ya /var/crash. Lakini naomba msiiamini kdump ambayo haijajaribiwa: ombeni muda wa matengenezo, iangusheni mashine kwa makusudi kwa kuandika herufi c kwenye /proc/sysrq-trigger, kisha mwone kama faili limeandikwa. Huenda RAM iliyotengwa haitoshi, au diski imejaa, na ni afadhali kulijua hilo usiku mliouchagua wenyewe.

Mkishapata mafaili mawili au matatu, yalinganisheni. Kama kila mara kiini kimeangukia mahali palepale ndani ya draiva ileile, yaani programu inayofanya kazi pamoja na kiini, mara nyingi kuendesha kifaa, kuna uwezekano mkubwa kwamba kosa ni la programu. Tarehe 19 Julai 2024 dunia iliona jambo hilo kwa ukubwa wake, pale sasisho lenye kasoro la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, lilipoifanya draiva yake isome kumbukumbu isiyostahili, zikaanguka mashine za Windows zipatazo milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft. Kama kila anguko limetokea mahali tofauti, shukuni RAM kwanza, ingawa draiva inayoharibu kumbukumbu ya wenzake nayo huweza kuacha sura hiyohiyo. RAM ya aina ya ECC husahihisha kosa la biti moja na kutambua la biti mbili, na kwa kawaida makosa hayo huandikwa pia na BMC, ile kompyuta ndogo ya ubao mama ambayo huendelea kuwaka hata seva inapoanguka. Isomeni kwa amri ya ipmitool. Kisha hamisheni kipande cha RAM kinachotajwa hadi kwenye nafasi nyingine: kosa likikifuata, kipande ni kibovu, likibaki kwenye nafasi ileile, tazameni ubao au prosesa.

Msisahau kuandika muda ambao mashine ilikuwa imekaa hewani kila ilipoanguka. Baadhi ya matoleo ya zamani ya Linux yalikuwa na kosa katika hesabu ya saa ya ndani, ambayo ilifurika baada ya nanosekunde 2 kwa kipeo cha 54, yaani siku 208.5 hivi, na mashine ikaweza kuanguka. Kosa kama hilo kuwasha upya hulificha kwa miezi mingine sita na ushei, na seva zilizowashwa siku moja zinaweza kuanguka siku moja.

Mkibadilisha kitu, badilisheni kimoja tu, ama kiini, ama draiva, ama kipande cha RAM, na mwandike tarehe. Seva iliyokuwa ikianguka kila baada ya wiki tatu haijapona kwa sababu imemaliza wiki moja salama. Isubirini walau wiki tisa kabla ya kulifunga jalada lake, na kdump ibaki imewashwa muda wote huo.