Kwaya ya Kobe na kantata za Bach

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu wa kwaya, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie kwaya ya Japani iitwayo Bach Collegium Japan, nami naanza na miaka isiyohusu muziki. Mwaka 1614 watawala wa Japani walipiga marufuku Ukristo. Baadaye ikawa desturi kwamba anayeshukiwa huwekewa chini picha ya Yesu au ya Mariamu aikanyage, akisita, amejulikana. Marufuku ile ilidumu hadi 1873. Johann Sebastian Bach, mtunzi wa muziki wa Ujerumani, alizaliwa 1685 na kufariki 1750. Kwa hiyo, maisha yake yote, maneno aliyokuwa akiyatungia muziki kwa ajili ya ibada yangeweza kumponza mtu wa Japani hadi kufa. Hata leo Wakristo wa huko ni kama mmoja katika kila watu mia.

Masaaki Suzuki, mwanzilishi wa kwaya hiyo, ni miongoni mwa hao wachache. Alizaliwa Kobe mwaka 1954, na alipofika miaka 12 alikuwa tayari anapiga kinanda kanisani. Alisoma Tokyo, kisha akaenda Amsterdam kwa Ton Koopman, mmoja wa wanamuziki waliorudisha kazi za Bach kwenye ala za enzi zake: fidla zenye nyuzi za utumbo wa mnyama, filimbi za mbao, tarumbeta zisizo na vali. Aliporudi nyumbani, mwaka 1990, akaunda kundi lake, kwaya na okestra pamoja. Kwaya ni ndogo: kila sauti ina watu watatu au wanne hivi, na hata wale wanaoimba peke yao husimama safuni humo humo na wenzao. Jambo hilo nalipenda mno. Anayetoka mbele kuimba ubeti wake anarudi nyuma kubeba besi au teno kama kila mtu.

Sasa fikeni nami mwaka 1995. Alfajiri ya Januari 17, saa 11:46, tetemeko liliupiga mji wa Kobe na jirani zake. Walikufa watu zaidi ya 6,400. Mwezi Juni mwaka huohuo, katika mji huohuo, ndani ya kanisa dogo la chuo cha wanawake cha Kobe Shoin, kundi hili lilianza kurekodi kantata za kanisani za Bach, yaani tungo za sehemu kadhaa za kuimbwa pamoja na ala, wakishirikiana na kampuni ya BIS ya Uswidi. Kantata hizo ni kama 200. Na katika diski ya kwanza kabisa imo kantata namba 4, ya Pasaka, maneno ya Martin Luther, inayosimulia mauti na uzima walivyoshikana mieleka. Kila ubeti unakwisha kwa Haleluya. Kila nikiisikiliza rekodi ile nawafikiria waliokuwa wakiimba, miezi mitano tu baada ya mazishi yale.

Kilichonivuta zaidi, mimi mwalimu wa kwaya, ni ulimi. Kijapani kinafanana na Kiswahili kwa jambo moja: silabi zake karibu zote huishia na irabu. Sisi tulipoipokea bank tukaifanya benki; wao jina la Kristo wanalitamka Kirisuto, silabi nne. Kijerumani kinasema Christ, silabi moja, na Bach ameipa noti moja. Ukipenyeza irabu, umeongeza noti ambayo mtunzi hakuiandika, na mwendo mzima umelegea. Lazima konsonanti tatu au nne zipite pamoja na zifunge kwa wakati mmoja kwa waimbaji wote. Sikilizeni mwisho wa maneno yao: t inatua mara moja, kama kofi moja. Hapo ndipo naijua kazi ya mazoezi, kwa sababu kwangu mimi t ya mwisho ya wanakwaya hutua kama mvua ya rasharasha.

Kazi ile ilikamilika Februari 2013, diski ya 55, miaka 18 tangu waanze. Mwaka mmoja kabla, mji wa Leipzig, alikofanya kazi Bach mwenyewe, ulimtunuku Suzuki medali yake ya Bach. Siku hizi mwanawe, Masato, naye huongoza kundi.

Naomba fundi wetu atuwekee ubeti wa nne wa kantata namba 4. Mieleka yenyewe ndiyo hiyo. Sauti ya kwanza, teno na besi watakuwa wanakimbizana, mmoja anamkata mwenzake. Ninyi msiwafuate. Tegeni sikio kwa sauti ya pili, hao ambao kwetu mara nyingi tunawapa mabaki: Bach amewakabidhi wao wimbo wenyewe, na watautembeza polepole katikati ya vurugu, hawageuki. Fundi, tuko tayari.