Maji Maangavu Yenye Njaa: Planktoni Katika Bahari Inayoongezeka Joto

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kufika jioni hii na kukubali kusikiliza habari za bahari mkiwa Nairobi, mji ulioko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari hiyo yenyewe.

Nianze na maji mnayoyajua. Bwawa la Nairobi, pale kando ya Kibera, limesongwa na gugu maji kwa sababu maji yake yana virutubisho kupita kiasi, hasa naitrojeni na fosforasi zinazoletwa na maji taka. Sehemu kubwa ya bahari kuu iko katika hali iliyo kinyume kabisa: jua tele, maji tele, lakini mbolea karibu hakuna. Ile rangi ya buluu iliyokolea ambayo wapiga picha huisifu ni rangi ya jangwa, kwa maana hamna planktoni mimea, yaani vile vijimea vidogo mno vinavyoelea majini, wa kutosha kuyatia maji ukijani.

Mbolea ipo, ila iko chini. Viumbe wa juu wanapokufa, mabaki yao huzama, na huko gizani bakteria huyaozesha mpaka naitreti na fosfeti zikarudi majini. Lakini ili zimfae mmea hazina budi kupanda tena hadi penye nuru, yaani mita 100 au 200 za juu. Aliyewahi kumimina birika la maji moto juu ya beseni la maji baridi anajua kwamba asipotia mkono akakoroga, juu kutamchoma na chini kutamtetemesha. Mkono unaokoroga bahari ni upepo, pamoja na baridi ya msimu inayoyafanya maji ya juu kuwa mazito yakazama. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalonaswa na gesi tunazozitoa limeingia baharini, na kadiri tabaka la juu linavyopata joto ndivyo linavyozidi kuwa jepesi, hata upepo ule ule uliokuwa ukitosha zamani ukawa unachoka kabla ya kuifikia akiba ya chini. Naomba tulishike jambo hili, kwa kuwa wengi hudhani kwamba joto huwaunguza planktoni. Mara nyingi haliwaunguzi, linawafungia ghala.

Ghala likifungwa, si wote wanaoumia sawasawa. Diatomi, ambao ni wakubwa kwa kipimo cha planktoni na hujijengea magamba ya silika, hustawi pale chakula kinapokuja kwa wingi na kwa ghafla, hivyo ndio wanaotangulia kupungua. Wanaobaki ni wadogo kabisa, na hodari wao ni bakteria anayejitengenezea chakula kwa nuru kama mmea, aitwaye Prochlorococcus, aliyetangazwa kwa wanasayansi mwaka 1988 na watafiti akiwemo Sallie Chisholm. Upana wake ni kama maikromita 0.6, maana yake zaidi ya 1,500 wakipangwa bega kwa bega hawazidi milimita moja. Udogo huo ni hekima ya maskini: kiumbe mdogo ana ngozi kubwa kuliko tumbo lake, kwa hiyo hunasa hata chembe chache za virutubisho zinazopita. Isitoshe, utando wake ameujenga kwa mafuta yenye salfa mahali ambapo wengine hutumia yale yenye fosforasi. Mimi humstahi sana kiumbe huyu.

Lakini samaki hawezi kumla. Kopepodi, wale wanyama wadogo ambao vifaranga vya samaki hutegemea, humla diatomi moja kwa moja. Prochlorococcus ni mdogo mno kwao, kwa hiyo huliwa kwanza na viumbe wa seli moja, hao nao huliwa na wengine wakubwa kidogo, ndipo kopepodi afikiwe. Fikirini kabeji inayotoka Kinangop kwenda Marikiti: kila dalali anayeongezwa njiani hukata chake. Baharini dalali ni mkali zaidi, kwani kwa makadirio ya kawaida kila hatua hupoteza karibu tisa ya kumi ya nishati. Kwa hiyo bahari inaweza kutengeneza chakula kilekile kwenye nuru na bado jodari akafikiwa na sehemu ndogo tu. Tena joto lenyewe huongeza kasi ya upumuaji kuliko kasi ya usanisinuru, na hivyo walaji wanazidi kuchoma kile kidogo wanachokipata.

Je, tunayaona haya? Vipimo vya setilaiti vya mwaka 1998 hadi 2006 vilionyesha maeneo ya bahari yenye klorofili (ile rangi ya kijani ya planktoni mimea) kidogo kabisa yakipanuka kwa takriban asilimia 15. Takwimu hiyo hunukuliwa sana, nami huitumia kwa tahadhari, kwa sababu miaka tisa ni michache kwa bahari inayoyumbishwa na El Niño, na pia kwa sababu klorofili si sawa na uhai. Seli inayokaa kwenye tabaka jembamba lenye mwanga mwingi hupunguza klorofili yake yenyewe bila kupungua mwili, kama mtu anayevua koti jua likipanda. Juu ya hayo, setilaiti husoma ngozi ya juu tu ya bahari. Katika kituo cha ALOHA, kaskazini mwa Hawaii, ambako watafiti wamekuwa wakirudi karibu kila mwezi tangu 1988, klorofili nyingi zaidi huwa kwenye kina cha zaidi ya mita 100, mahali ambapo nuru hafifu kutoka juu hukutana na mbolea kidogo inayopenya kutoka chini. Na kujua kama ukanda huo unashuka au unafifia, bado kunahitaji meli, kamba, na chupa za kuteka maji.