Corona baada ya shindano ya chanjo, na ile nyungu ya bukari
(Kipindi cha Julai 2022, Lubumbashi. Beko kwa mikro: Yaya Mado na Trésor)

MADO: Jambo yenu batu ya Kamalondo, Katuba, Kenya, Ruashi, na bale banatusikilizaka na simu ya mutu mwingine. Sauti imerudia nusu tu, munivumilie.

TRÉSOR: Eko anaongea sawa jogoo alikula pilipili.

MADO: Nyamaza weye. Basi, wiki hii nililala. Munanijua, kidonge yangu ya virusi ya Sida, ile ya saa tatu ya usiku, mi sijaifichaka, ni miaka mingi. Na shindano ya corona nilishachoma, ile ya Johnson, dozi moja, mwaka jana. Sasa juzi natoka soko, kichwa, mifupa, kukohoa, mi nikasema ni malaria tu, nikaenda pale tunakamataka dawa, munganga akaniingizia kale kafimbo mu pua mpaka machozi ikatoka, kungoja kidogo, mistari mbili: ni corona.

TRÉSOR: Na ukanipigia simu, hata jambo hukusema, "Trésor, shindano ilikuwa ya nini basi?"

MADO: Si mi peke yangu! Jirani yote walikuwa banauliza ivo ivo, na wengine banacheka.

TRÉSOR: Hapo tuelewane mapema. Shindano haikukatazi kuambukizwa, zaidi sana na hii Omikroni, aina ya corona iliyokuya nyuma, na nguvu yake inapungukaka kadiri miezi inapita. Kazi yake kubwa ni usifike kwa oksijeni.

MADO: Kwa oksijeni sikufika. Nilifika kwa mama yako.

TRÉSOR: Yaya, tulikubaliana hii hatutaongea.

MADO: Tutaongea! Batu basikie. Mama yake amesikia Mado anakohoa, akakuya na majani ya ekaliptusi, ndimu, tangawisi, mfuko muzima. Nikashukuru, ni mama yangu pia. Nikalala kidogo. Kuamka, nyumba nzima inanuka, kuangalia jikoni, majani inachemka ndani ya nyungu yangu ya bukari.

TRÉSOR: Alikosa nyungu ingine.

MADO: Nyungu zingine zilikuwa pale pale! Akachagua ile kubwa, ile inajua bukari yangu! Sasa hata tupike na unga gani, watoto banasema mama, hii bukari ni ya Vicks.

TRÉSOR: (anacheka) Lakini ulijifukiza, ao hukujifukiza?

MADO: Nilijifukiza. Mama ya mutu ameshachemsha, utasema nini?

TRÉSOR: Mvuke haiue virusi, tuseme wazi. Pua inafunguka, ni sawa, lakini batu banajiunguzaka uso na kifua chini ya blanketi, na watoto ndio zaidi. Mama, kama unanisikiliza, pole.

MADO: Anasikiliza. Na nyungu anipe mupya.

TRÉSOR: Turudi kwa kazi. Mwezi wa sita kulitoka utafiti mu JAMA Network Open, gazeti ya baganga ya Marekani, batu karibu 114,000 bote balishachoma shindano, na zaidi ya 33,000 kati yao bana virusi ya Sida. Balibafuata mpaka mwisho wa 2021. Kwa miezi 9, kati ya benye virusi 4.4% balipata corona, kati ya bale hawana ni 3.5%.

MADO: Soma na ile ingine, usiruke.

TRÉSOR: Hatari ilikuwa 28% juu kwa benye virusi.

MADO: Ishirini na nane!

TRÉSOR: Njo unaona vile batu banatishwa. Ni hesabu ile ile. Kwa batu mia, tofauti haifike hata mutu mmoja.

MADO: Yule mutu njo anaongea na weye sasa. Mi nasema ivi: kama ni ivo, sisi bote tunakunywa dawa tupewe dozi ya ziada, bila kuuliza CD4 ya nani, ile hesabu ya askari ya mwili mu damu, iko wapi. Utafiti yenyewe inasema bale balipata dozi ya ziada balipata corona kidogo.

TRÉSOR: Na inasema pia bale bana CD4 ya 500 kupanda juu balipata kidogo. Kwa hiyo batu si sawa. Mutu mwenye CD4 chini ya 200, mutu ajaanza dawa, OMS yenyewe, shirika ya afya ya dunia, ilishasema mwaka jana huyo apate dozi ya ziada, sibishi. Lakini weye unakunywa dawa vizuri, virusi haionekani mu damu, upite mbele ya muzee ajachoma hata moja? Tuliingia 2022 mu Kongo hii, hata mutu 1 kwa 100 ajamaliza shindano!

MADO: Ju dozi zilikosekana? Machi 2021 tulipokea milioni 1.7 ya AstraZeneca, tukaanza kuchoma tarehe 19 Aprili, na karibu milioni 1.3 zikarudishwa zipewe nchi zingine mbele ziharibike. Batu walikataa, Trésor! Muzee wako alikataa. Mi nikisubiri muzee akubali nitazeeka nami.

TRÉSOR: Na alikataa ju gani? Ju kila siku anasikia "aliyechoma ameugua". Leo weye uko kwa mikro unasema shindano moja haitoshe kwa benye Sida, kesho mwenye virusi ajachoma atasema basi haina faida.

MADO: Kwa hiyo ninyamaze ju ya watu waoga?

TRÉSOR: Sijasema unyamaze.

MADO: Umesema. Na ile utafiti ni ya Marekani, batu bale banapimwa CD4 kila mara. Apa mutu anaweza kukaa mwaka ajui CD4 yake. Ukisema chini ya 200 tu, utamujuaje? Utamuona kwa macho?

TRÉSOR: Basi tupigane kwa kupima, si kwa kugawa bila kupima.

MADO: Kupima kunakawia, shindano iko kwa friji leo.

TRÉSOR: Yaya, sikubali.

MADO: Na mi pia.

(kimya kidogo)

TRÉSOR: Kuna sauti apa, mama mmoja wa Kampemba anasema nyungu uisugue na majivu na ndimu, uichemshe na maji matupu.

MADO: Ndimu tena? Ndimu njo ilianza shida!

TRÉSOR: Mwingine anasema uibakishie ya kujifukiza, ununue ya bukari.

MADO: Huyo ametumwa na mama yako. Fundi ananionyesha kidole, batri inaisha. Na nilikuwa niliandika mambo ya kufundisha, karatasi nzima iko apa.

TRÉSOR: Soma moja.

MADO: Usiache kidonge yako ju umepata corona, endelea saa ile ile, na pumzi ikikatika ao midomo ikigeuka rangi uende lopitali, usingoje asubuhi. Ya pili...

TRÉSOR: Haitatosha, yaya.

MADO: Basi wiki ingine. Hapana, wiki ingine ni minervali, feza ya masomo, tulishaahidi wazazi. Eh, na ku grupu ya WhatsApp, nawaomba, muache kutuma foto ya karatasi ya CD4 na majina yenu iko juu. Mutume swali tu. Trésor, futa ile ya jana, ile ya